Nukta za Upande wa Madirisha

Siku ya mwisho ya mwezi wa sita mwaka huu, saa kumi jioni, chumba namba nane cha ghorofa ya chini kitafungwa na mtu ambaye amekifungua kila asubuhi kwa miaka kumi na minne. Kabla ya hapo alikuwa tayari amekitumikia chuo hiki miaka kumi na saba. Jumla ni thelathini na mmoja, na katika muda wote huo ameomba ruhusa ya ugonjwa mara tatu tu, moja ikiwa ya kujifungua, ambayo yeye mwenyewe anasema haihesabiki kwa sababu si ugonjwa. Anayestaafu ni Mkuu wa Kitengo cha Mafunzo ya Wahadhiri. Wahadhiri humwita Bi Saba, naye huitika, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo.

Mhariri wa jarida hili alimwomba katibu muhtasi wetu aandike wasifu huu. Katibu akanisukumia mimi. "Andika wewe, mwanangu," akasema. "Kusema huwezi, angalau andika." Ni kweli. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nina miaka kumi na tisa, na kwa karibu miaka miwili nimekuwa mfanyakazi wa muda wa kitengo hicho. Kitengo kina watu watatu. Ukimtoa anayestaafu, na ukimtoa katibu aliyekataa, nabaki mimi.

Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni shukrani. Ya pili ni kwamba kuna jambo nililolifanya mwaka huu ambalo nusura likifunge kitengo chenyewe, na waliokuwepo wanalijua nusu nusu. Wasifu wa Bi Saba hautakuwa wa kweli nisipolisema lote.

Aliingia chuoni akiwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa maabara ya kemia. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya vioo na kupanga meza kabla ya wanafunzi kuingia. Hakuna aliyemwomba aangalie wanafunzi wenyewe, lakini aliwaangalia. Akaona kwamba katika kila meza ya watu wanne, wavulana hushika moto na wasichana hushika daftari. Wiki moja, bila kumwuliza mtu, alibandika kikaratasi kwenye kiti kimoja cha kila meza: "Anayekaa hapa leo ndiye anayewasha moto." Mhadhiri alipandwa na hasira. Akampeleka kwa mkuu wa idara akilalamika kwamba siku hizi waosha chupa ndio wanaopanga masomo. Bi Saba alikwenda huko na daftari la vyombo vilivyovunjika. Tangu avibandike vile vikaratasi vilikuwa vimevunjika vyombo viwili, na vyote viwili alikuwa amevivunja mhadhiri.

Vikaratasi vikabaki. Yeye akaendelea kuosha vyombo mchana na kusoma jioni, akapata shahada, akapata ya pili, akarudi maabara ile ile akiwa mhadhiri. Miaka kumi na minne iliyopita chuo kilianzisha kitengo cha kuwafundisha wahadhiri namna ya kufundisha bila kumwacha mtu nje. Hakuna profesa aliyekitaka. Kikawekwa chini, jirani na chumba cha fotokopi, akapewa yeye.

Kazi hiyo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unamchukua mtu anayelijua somo lake barabara, mwenye vyeti ukutani na mvi kichwani, unamwonyesha kwamba katika ukumbi wa watu mia anafundisha watano wa mbele. Hapendi. Bi Saba hakuanza na hotuba, alianza na kuhesabu. Aliwapima wahadhiri kwa saa ya mkononi, akagundua kwamba wengi wao wakiuliza swali hawafiki sekunde ya pili kabla ya kulijibu wenyewe au kumpa yule yule wa kila siku. Akaweka sheria: ukiuliza, funga mdomo, hesabu moyoni hadi saba, ndipo umwite mtu. Saba zikipita na uliyemwuliza hajasema, nenda kwa mwingine, kisha urudi kwake baadaye. Mwanasheria mmoja wa kundi la kwanza alifika nne, jasho likamtoka, akaanza kujijibu. Hapo ndipo jina la Bi Saba lilipozaliwa, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mapenzi.

Mwanasheria huyo huyo ndiye aliyekuwa na mwanafunzi asiyeona, na hakuwa akimwuliza swali hata moja muhula mzima, eti asimsumbue. "Ulimwuliza kama anasumbuka?" Bi Saba akamwuliza. Mwanasheria akakaa kimya zaidi ya sekunde saba. Siku hizi kitivo chao kizima huwapelekea wanafunzi maandishi ya somo siku moja kabla. Na kuna suala la kipaza sauti. Ukumbini kwetu sasa hakuna mhadhiri anayeruhusiwa kusema, "Mimi sauti yangu kubwa, sihitaji hicho kidude." Bi Saba alikuwa akiwaambia kwamba asiyesikia hatanyanyuka mbele ya watu mia kutangaza kuwa hasikii. Atakaa pale pale, ataitikia kwa kichwa, na utadhani mmeelewana. Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo.

Chombo chake kikuu ni ramani ya nukta. Mtu mmoja huketi nyuma na karatasi yenye visanduku, kila kiti kisanduku chake. Mhadhiri akimpa mtu nafasi ya kusema, mchoraji huweka nukta. Akimkata kauli, mstari mdogo juu ya nukta. Kalamu ni ya wino, kamwe si penseli. Kipindi kikiisha, mchoraji huisoma ramani kwa sauti, mhadhiri akiwa amesimama, na haruhusiwi kujitetea mpaka isomwe yote. Kwenye somo la kawaida husomwa mlango ukiwa umefungwa, wao wawili tu. Lakini kila Alhamisi, siku ya mafunzo, Bi Saba mwenyewe hufundisha somo la mfano, wahadhiri wakigeuka wanafunzi, na ramani yake husomwa mbele ya wote. Alitaka waone kwamba na yeye hukosea, na hafi.

Hakuwa akikosea sana. Siri yake ilikuwa masikio. Aliwaambia wahadhiri wasisubiri mikono tu, kwa sababu mikono huinuliwa na waliozoea kuinua. Yeye alisikiliza kiti kinacholia kidogo, kalamu inayowekwa mezani, pumzi anayoivuta mtu anayetaka kusema halafu anaghairi. Aligeukia pale pale ilipotoka. Watu wa fizikia walimtania kwamba amemeza rada.

Mimi alinipata kwa ramani hiyo. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na nikifikiri kwa haraka, lugha hizo mbili hutoka pamoja. Muhula wangu wa kwanza nilimwuliza mhadhiri swali lililoanzia kwenye moja na kuishia kwenye nyingine. Ukumbi ukaangua kicheko. Mhadhiri hakuwa mtu mbaya. Alitabasamu tu akasema, "Chagua moja, dada, tukusikie." Sikuchagua. Nilikaa, na nikaazimia kwamba sitafungua mdomo tena mpaka nimalize chuo.

Bi Saba alikuwa nyuma siku hiyo. Alinikuta kwenye ngazi, akanionyesha karatasi. Kisanduku changu kilikuwa na nukta moja, imekatwa.

"Huyu ni wewe," akasema. "Sikuja kukupa pole. Nataka kukuuliza, walipokuwa wanacheka, nani hakucheka?"

Nilimwonyesha sita, kiti kwa kiti. Akaikunja karatasi.

"Kumbe macho yako yapo kazini. Njoo Jumatatu."

Nikawa mchoraji. Kuchora kulikuwa raha tupu, kusoma kwa sauti kulikuwa adhabu. Mara ya kwanza nilisoma nikiwa nimeinamia karatasi mpaka mhadhiri wa mifugo akasema, "Binti, ng'ombe wangu wanaguna kwa sauti kuliko hiyo." Bi Saba hakunitetea wala hakunisomea. Alihesabu, akasubiri, nikasoma tena. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Sitasema nilipona haya. Nilijifunza kusoma nikiwa nazo.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Chumba namba nane kina madirisha upande mmoja na mlango upande wa pili. Bi Saba akisimama mbele, madirisha yako kushoto kwake. Mwezi wa tatu mwaka huu niliona nukta za upande wa madirisha zimekuwa tisa, wakati za upande wa mlango zilikuwa kumi na tano. Alhamisi iliyofuata zikawa sita, na ya tatu zikawa mbili. Hakuna mhadhiri aliyelalamika. Mhadhiri akigeuzwa mwanafunzi, furaha yake ya kwanza ni kutoulizwa.

Wiki ile ile ya nukta mbili ilikuja barua. Kwa kuwa Mkuu wa Kitengo anastaafu, iliandikwa, kamati ya watu watatu itakuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano kuona njia zake kwa macho, kisha iamue kama kitengo kiendelee au chumba namba nane kiwe stoo ya karatasi za mitihani. Katibu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Haya sasa."

Alhamisi ile ya nukta mbili nilikuwa nimekaa nyuma, ramani mapajani, dakika moja kabla ya kuisoma. Nikamtazama Bi Saba akifuta ubao. Niliwaza kwamba amechoka, ni miaka thelathini na mmoja, na mtu aliyechoka hahesabiwi makosa. Nikaweka nukta nne upande wa madirisha, kwa wino. Nikasimama nikasoma: "Upande wa madirisha, sita."

Bi Saba alishusha pumzi. "Afadhali," akasema.

Neno hilo moja tu. Nililibeba hadi nyumbani kama zawadi. Sikujiuliza kwa nini mtu aseme afadhali.

Nilirudia Alhamisi nane. Ilifika mahali mkono ukawa unaziweka wenyewe, kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria bila kuonja.

Alhamisi ya kamati ilikuwa na jua kali tangu asubuhi. Katibu alikuwa amepiga deki mara mbili, akaenda kuazima vikombe. Wahadhiri kumi na wanane wa kundi la mwisho walikaa kwa adabu isiyo ya kawaida yao. Kamati ikaingia: Naibu Mkuu wa Chuo, ambaye ni mama mtulivu mwenye faili la bluu, kisha mkuu wa maktaba, na Profesa wa Madaraja, ambaye huwafundisha wahandisi namna ya kuyajenga. Huyu wa tatu alikuwa amekwisha kusema wazi kikaoni kwamba daraja halijui nani alikaa nyuma, lenyewe linajua hesabu tu. Walipoonyeshwa viti vya mbele, wawili wakakaa. Yeye akakataa. "Nikae na raia," akasema, "nione kama kweli mnatuona." Akachagua mstari wa tatu, kiti cha kwanza, upande wa madirisha.

Nikafungua kalamu.

Bi Saba alifundisha jinsi sabuni inavyoondoa mafuta. Ni somo zuri, nimelisikia mara nyingi na bado linanifurahisha. Aliuliza, alinyamaza, alihesabu, aligeuka. Kila alipogeuka, aligeukia mlango. Nukta zikajaa upande ule na katikati. Upande wa madirisha visanduku vilikaa vyeupe. Dakika ya kumi na tano Profesa aliinua kidole kimoja, chini chini, kama mtu asiyetaka kuonekana anaomba. Bi Saba alikuwa amempa kisogo. Dakika ya ishirini na mbili akainua tena, akakohoa. Bi Saba akamshukuru mtu wa karibu na mlango. Profesa akashusha kidole, akachukua daftari lake akajifunika nalo kichwani. Nilimwona kila alipojikuna. Kazi yangu ni kuona.

Kipindi kikaisha. Katibu akaanza kugawa maji. Nilikuwa na muda mfupi sana. Nilijua nikisoma sifuri, Naibu ataandika sifuri, na Bi Saba ataondoka chuoni akiwa mtu aliyeshindwa na karatasi yake mwenyewe. Mkono ukashuka. Nukta tano, haraka haraka, bila hata kuchagua visanduku.

Nikasimama. "Upande wa mlango, nukta kumi na nne. Katikati, kumi na moja. Upande wa madirisha, tano."

Bi Saba aliitikia kwa kichwa akiridhika. Naibu akaandika.

"Samahani," akasema Profesa. "Hiyo tano na mimi nimo?"

Niliinamia karatasi.

"Mstari wa tatu, kiti cha kwanza. Nisomee."

Nikatazama. Kisanduku chake kilikuwa na nukta yangu, bado inang'aa wino. "Moja," nikasema.

"Moja!" Akasimama. Upara wake ulikuwa umeiva nusu. "Jamani, mimi tangu nikae hapa sijaulizwa hata hali. Nimeinua kidole mara mbili, nimekohoa, nimejifunika daftari. Nusu ya kichwa imeshabanikwa, hii nusu nyingine ndiyo inazungumza na ninyi. Hiyo moja aliipata nani?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kila mmoja akaona alichokuwa anakicheka. Mkuu wa maktaba akasema polepole, "Kwa hiyo hizi ramani ni mapambo." Naibu alifunga faili la bluu bila kelele, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Bi Saba alikuwa hajasikia yote. Niliona jinsi alivyogeuza mwili mzima kumwelekea Profesa. "Rudia, Profesa, nikikutazama," akasema. Profesa akarudia, safari hii bila utani. Bi Saba akamsikiliza mpaka mwisho. Angeweza kusema mtoto amekosea kuandika, na mambo yangeishia hapo. Nilitamani aseme hivyo. Badala yake alitembea katikati ya viti hadi mezani kwangu.

"Mchoraji. Upande wa madirisha, nukta ngapi?"

Akafunga mdomo.

Kidole chake cha shahada kilikuwa kikigonga sketi, kidogo kidogo, kama kawaida yake. Moja. Mbili. Nilimwona katibu kasimama na jagi, maji yakimwagika kwenye kikombe kilichojaa. Tatu. Nne. Nilifikiria kukimbia, ila mlango ulikuwa mbali. Tano. Sita. Saba. Sheria inasema saba zikipita, anakwenda kwa mwingine. Bi Saba hakwenda. Akaanza upya, moja. Hajawahi kufanya hivyo katika miaka kumi na minne. Mbili. Profesa naye alikuwa anahesabu, midomo ikicheza. Tatu. Nne.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna hata moja. Zote tano nimeziweka mimi."

"Leo tu?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Kwa nini?"

Nilijibu kwa lugha zote mbili kwa mpigo, kama siku ile ukumbini, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilisema nilidhani amechoka. Nilisema sikutaka wamwone.

Bi Saba hakukasirika. Heri angekasirika. Alivuta kiti akakaa, tukawa uso kwa uso.

"Mwanangu, mimi nilijua sikio hili la kushoto linapungua. Nilikuwa najipima kwa karatasi yako. Kila Alhamisi nilisimama pale mbele kukuuliza kama bado nawasikia wote, na wewe ukaniambia ndiyo."

Naandika maneno hayo hapa kwa sababu sijayasahau hata siku moja. Mtu alikuwa ananiuliza swali wiki hadi wiki, na mimi, ambaye kazi yangu pekee ilikuwa kujibu, nilimpa jibu tamu.

Kisha alisimama, akawageukia wahadhiri wa upande wa madirisha. "Nimewafundisha nikiwa nimewapa kisogo," akasema. "Na waliokaa hapo kabla yenu pia. Niwieni radhi. Miaka yote nimewaambia watu kwamba asiyesikia hatasema, nami nikawa sisemi." Akamtazama Profesa. "Haya, uliinua kidole. Ulitaka kusema nini?"

Profesa alijipapasa kichwa. "Nilitaka kuomba pazia lifungwe."

Chumba kizima kilivunjika mbavu, hata Naibu. Bi Saba alikwenda mwenyewe akalifunga lile pazia, akahakikisha jua limekoma. Akarudi, akachukua kalamu yangu. Hakufuta. Alizizungushia duara nukta zangu tano, akaandika pembeni "hizi hazikuwepo", akaibandika ramani ukutani mbele ya kamati. "Mlikuja kuona kama njia hii inafanya kazi," akawaambia. "Leo imenikamata mimi. Andikeni hivyo hivyo."

Wakaandika, wakaondoka.

Sikwenda kazini siku tatu. Siku ya nne katibu alinipigia simu. "Bi Saba anasema Jumatatu ni Jumatatu," akakata. Nilikwenda. Nilimkuta akipanga majalada, hakunihubiria. Alinisimulia habari za mumewe, ambaye ni fundi redio. Tangu mwaka jana bwana huyo alikuwa ameifungua redio ya nyumbani mara tatu, akabadilisha hiki na kile, akitafuta kwa nini inataka kupandishwa sauti hadi mwisho. "Tumeishi miaka thelathini na tano," akasema, "ikabidi aanze kulaumu redio." Alicheka mpaka akafuta macho. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uliniuliza kama nimechoka?"

Nilihesabu hadi saba, kisha nikakiri kwamba sikumwuliza. Akanipa majalada nipange.

Tulisubiri wiki mbili. Katibu alikuwa amekwisha kuanza kuweka vitu kwenye maboksi, akiandika juu yake "pengine". Barua ilipofika, Bi Saba alinipa niisome kwa sauti. Kitengo kinaendelea. Mkuu mpya anaanza siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Kila Alhamisi ramani zitachorwa na watu wawili wasioonana. Na chini kabisa, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika tarakimu: "Naomba mchoraji aje kwenye somo langu la madaraja. Yule yule. Nadhani hatarudia."

Nilikwenda. Ukumbi wa viti mia moja na kumi na viwili. Baada ya kipindi nilifunga mlango, Profesa akasimama mbele ya ubao wake uliojaa nguzo na mishale. Nikasoma. Mistari mitatu ya nyuma, hakuna. Wasichana kumi na tisa, nukta moja, imekatwa. Sauti ilinitetemeka lakini ilifika. Nilipomaliza nikaanza kuhesabu. Alikuwa ameshika chaki, hakuandika kitu. Nilipofika sita alisema, "Soma tena."

Hiyo ndiyo kazi ya Bi Saba. Wahadhiri mia sita na arobaini wamepita chumba namba nane, na wengi wao wameambiwa kitu wasichotaka kukisikia na mtu ambaye alikubali kuambiwa kwanza. Siku hizi ana kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Mumewe anasema kimetengenezwa vizuri, ila angependa kukifungua aone ndani. Amekatazwa.

Sherehe ya kumuaga ni siku hiyo hiyo ya mwisho, saa nane mchana, ukumbi mkubwa. Katibu ameniambia wasifu huu nitausoma mwenyewe. Mkiniona nimekwama, naomba msinisomee. Hesabuni tu. Nimependekeza kiti cha Bi Saba kiwekwe mwisho wa meza kuu, madirishani kabisa, ili upande wa sikio lile kuwe na pazia tu, na sisi wote tuwe upande wa pili. Amekubali. Nilimwuliza kwanza.

Bi Saba, kwa niaba ya kitengo, ya wahadhiri wako na ya waliokaa nyuma, asante. Uende salama, upumzike ukitaka na usipumzike usipotaka, na popote utakapokaa, watu wakuzunguke upande unaowasikia.